Folda Moja kwa Ofisi Nzima: Kushirikishana Mafaili Bila Kuacha Mlango Wazi



Katika somo hili tunajifunza namna ya kuziunganisha kompyuta za ofisi moja ili zitumie mafaili yale yale, hata kama moja inatumia Windows na nyingine Linux. Tutaona pia la kufanya pale zinapokataa kuonana. Somo lina upande wa ufundi na upande wa maadili. Tumeamua kutovitenganisha, kwa sababu makosa mengi yanayoonekana kuwa ya ufundi huanza pale ambapo hakuna aliyeamua nani anawajibika.

1. Hali ilivyo

Katika ofisi nyingi za parokia kuna kompyuta ya paroko, ya katibu, pengine ya mhasibu, na kompyuta mpakato ya katekista au ya frateri aliyetumwa kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo. Orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza iko kwa katibu. Orodha iliyosahihishwa iko kwa katekista. Iliyobandikwa ukutani haifanani na mojawapo ya hizo mbili. Kinachounganisha kompyuta hizi ni flashi, inayozunguka kutoka mkono hadi mkono na kubeba virusi pamoja na mafaili.

Ubaya mkubwa wa flashi si virusi peke yake. Faili likinakiliwa mara tatu tunapata mafaili matatu, na baada ya wiki moja hakuna anayejua lipi ndilo lenyewe. Dawa yake ni faili moja kukaa mahali pamoja, na wote wanaohusika kulifungua pale pale kupitia mtandao wa ndani. Mtandao huu hauhitaji bando. Ruta ya kawaida ya Wi-Fi, au swichi na waya, hutosha hata siku ambayo intaneti haipo.

2. Maneno matatu ya msingi

*Seva* ni kompyuta inayotunza folda ya pamoja. Si lazima iwe mashine ya gharama. Kompyuta yoyote nzima inayoweza kubaki imewashwa saa za kazi inafaa. *Mteja* ni kompyuta inayokuja kuomba faili. *Itifaki* ni lugha ambayo hizo mbili zinazungumza.

Itifaki inayotumika zaidi maofisini huitwa SMB. Ilianzia katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaikuza ndani ya Windows. Kampuni ya Sun Microsystems nayo ilitoa itifaki yake, NFS, mwaka 1984, kwa ajili ya kompyuta za Unix. Kwa miaka kadhaa pande hizi mbili hazikuelewana kwa urahisi. Mwaka 1992 mwanafunzi wa Australia, Andrew Tridgell, alitoa programu iliyoiwezesha kompyuta ya Unix kuzungumza SMB. Leo programu hiyo inajulikana kama Samba, jina lililotafutwa kwenye orodha ya maneno yenye herufi s, m na b. Ni ya bure, na ndiyo tutakayoitumia upande wa Linux.

3. Kabla ya kugusa waya: nani mwenye dhamana?

Aristotle, katika kitabu cha pili cha *Siasa*, anatoa hoja kwamba kitu kilicho cha watu wengi mno hutunzwa kidogo mno, kwani kila mmoja hudhani mwenzake atakishughulikia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaichukua hoja hiyo katika *Summa Theologiae* (II-II, swali la 66, kifungu cha 2) na kutofautisha mambo mawili: kusimamia kitu na kukitumia. Katika kusimamia, inafaa kila kitu kiwe na mwenyewe, maana ndivyo kinavyotunzwa vizuri na kwa utaratibu. Katika kutumia, mtu akihesabu kwa ajili ya manufaa ya wote.

Thoma hakuwa akizungumzia kompyuta, lakini mgawanyo wake unatufaa sana. Folda ya pamoja isiyo na msimamizi ndani ya mwaka mmoja hujaa mafaili yenye majina kama "mpya", "mpya2" na "mpya ya mwisho kabisa". Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi. Tunaandika kila folda, mwenye dhamana yake, anayeruhusiwa kuandika, na anayeruhusiwa kusoma tu.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimeshatuonesha njia. Kanuni ya 535 inamtaka paroko ahakikishe vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa kwa uangalifu, na visiangukie mikononi mwa watu wasiohusika. Kanuni ya 487 inataka hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, ufunguo wake uwe kwa askofu na kansela tu. Lakini kanuni hiyo hiyo inawapa wahusika haki ya kupata nakala halali ya hati inayohusu hali yao binafsi. Ndiyo maana ya ruhusa kwenye kompyuta: wachache wanaandika, wahusika wanapewa wanachohitaji, wengine mlango umefungwa.

Sheria ya nchi nayo inatubana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaziweka taarifa za imani ya dini na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Orodha ya wabatizwa ina vyote viwili. Na yapo mambo yasiyoingia katika folda yoyote: ya kitubio na ya uongozi wa kiroho hayaandikwi kabisa.

4. Kuandaa seva

*Anwani isiyobadilika.* Kila kompyuta katika mtandao ina anwani, mfano 192.168.1.10. Kwa kawaida ruta ndiyo inayozigawa, na umeme ukikatika na kurudi inaweza kuzigawa upya. Jana seva ilikuwa 10, leo ni 14, na ofisi nzima inasema "mtandao umekufa". Ingia katika mipangilio ya ruta, uitengee seva anwani moja ya kudumu. Kazi hii ya dakika tano huzuia malalamiko ya mwaka mzima.

*Seva ikiwa ya Windows.* Fungua akaunti kwa kila mtumiaji, mfano paroko, katibu na katekista, kila mmoja na nywila yake. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Sharing", kisha "Advanced Sharing". Katika sehemu ya ruhusa ondoa "Everyone", ongeza majina unayoyataka. Halafu nenda kwenye "Security" uweke majina hayo hayo. Windows ina tabaka mbili za ruhusa, ya mtandao na ya diski, na kwa anayeingia kupitia mtandao iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mwisho, hakikisha mtandao umetambulishwa kama "Private". Ukiwa "Public" kompyuta hujificha isionekane na wenzake.

*Seva ikiwa ya Linux.* Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imefikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za parokia haziwezi kubeba Windows 11, lakini bado ni nzima. Ubuntu inaweza kuzigeuza kuwa seva nzuri. Amri ni hizi:

```
sudo apt install samba
sudo groupadd ofisi
sudo adduser katibu
sudo usermod -aG ofisi katibu
sudo smbpasswd -a katibu
sudo mkdir -p /srv/parokia
sudo chgrp ofisi /srv/parokia
sudo chmod 2770 /srv/parokia
```

Amri ya tatu, ya nne na ya tano zirudie kwa kila mtumiaji. Angalia hasa ile ya tano: Samba ina daftari lake la nywila, tofauti na lile la Linux. Anayeweza kuingia kwenye kompyuta yenyewe hataingia kupitia mtandao mpaka amesajiliwa huko pia. Kisha fungua faili la /etc/samba/smb.conf na uongeze mwishoni:

```
[parokia]
   path = /srv/parokia
   valid users = @ofisi
   read only = yes
   write list = paroko, katibu
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Maana yake ni hii: wanaoingia ni wa kundi la ofisi tu, wote wanasoma, wanaoandika ni paroko na katibu. Andika "testparm" kuona kama kuna kosa la uandishi, kisha "sudo systemctl restart smbd" ili mabadiliko yaanze kazi.

*Kuingia kutoka kompyuta nyingine.* Katika Windows, andika \\192.168.1.10\parokia kwenye mstari wa anwani wa dirisha la mafaili. Katika Ubuntu, andika smb://192.168.1.10/parokia. Mishale ya mstari inaelekea pande tofauti. Wengi hukwama hapo tu.

5. Inapokataa: maswali sita kwa mpangilio

Mtu akikuta kosa hujaribu kila kitu kwa wakati mmoja: anazima hiki, anabadili kile, na mwisho hajui kilichoharibu wala kilichoponya. Tunashauri kwenda kwa mpangilio, tukibadili jambo moja kila mara. Fikirini mwamini anayekwenda ofisi ya parokia kutafuta cheti. Lazima njia iwepo, ofisi iwepo, mlango uwe wazi, yeye atambulike, aruhusiwe, na kitabu kiwe hakitumiki na mwingine. Kompyuta nayo hupita hatua hizo hizo.

*Je, njia ipo?* Angalia waya, taa za ruta, na kama kompyuta zote mbili ziko kwenye Wi-Fi moja. Baadhi ya ruta zina mtandao wa wageni, au mpangilio unaozuia vifaa kuonana. Kompyuta inapata intaneti vizuri, lakini haimwoni jirani yake mezani.

*Je, seva ipo mahali pake?* Kwenye seva ya Windows andika "ipconfig", kwenye Linux "ip a", usome anwani. Kisha kutoka kwa mteja andika "ping" na anwani hiyo. Ikijibu, njia na seva vipo. Isipojibu, usihukumu haraka, kwani mara nyingi Windows yenyewe imewekwa isijibu ping. Ikiwa anwani inafanya kazi lakini jina la kompyuta halifanyi, basi tatizo ni la majina tu, tumia anwani.

*Je, mlango uko wazi?* SMB hupita katika mlango namba 445. Kwenye PowerShell ya Windows andika:

```
Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445
```

Ikileta jibu la "False" ilhali seva imewashwa, ama huduma haijaanza ama faiwoli, yule mlinzi wa kompyuta, amezuia. Katika Ubuntu yenye faiwoli, amri ya "sudo ufw allow samba" hufungua. Usizime faiwoli yote kwa sababu ya mlango mmoja.

*Je, unatambulika?* Hapa pana mitego mitatu. Wa kwanza ni PIN. Mtu anayeingia kwenye kompyuta yake kwa tarakimu chache hudhani ndiyo nywila. Mtandao hauipokei, unataka nywila kamili ya akaunti. Wa pili ni kuingia kama mgeni bila jina: matoleo mapya, hasa Windows 11 Pro ya 24H2, hukataa. Wapo watakaokushauri ulegeze ulinzi. Mpe kila mtu akaunti yake badala ya hilo. Wa tatu ni kumbukumbu ya zamani: Windows haikubali kwenda kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Funga mafaili yote, andika "net use * /delete", ujaribu upya.

*Je, unaruhusiwa?* Ukifika hadi ujumbe wa "Access is denied", furahi kidogo: njia, mlango na jina vyote ni sawa. Kilichobaki ni ruhusa. Kagua tabaka zote mbili tulizozitaja. Kwenye Linux kagua kama mtumiaji yumo katika kundi la ofisi na kama folda ni ya kundi hilo.

*Je, faili lenyewe lina tatizo?* Faili likifunguka kwa kusoma tu, pengine mwenzako amelifungua. Hiyo ni kinga, inazuia watu wawili kufutiana kazi. Mpigie simu alifunge. Jambo jingine ni majina. Linux huona "Ndoa" na "ndoa" kuwa vitu viwili. Windows huona kimoja. Tena Windows haipokei jina lenye nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota au mistari ya mshazari, hivyo faili lililoandikwa kwenye Linux kama "Ratiba: Pasaka" huleta shida likifika Windows. Kubalianeni tangu mwanzo: herufi, tarakimu na vistari tu, na tarehe ianze na mwaka, kama 2025-04-20.

6. Kati ya Mbeya na Iringa

Hadi hapa tumezungumzia ofisi moja. Mtandao wa ndani hauvuki ukuta wa parokia, sembuse barabara ya kutoka Iringa kupita Mafinga na Makambako hadi Mbeya. Lakini watu wanavuka. Tangu Desemba 2018 Mbeya ni Jimbo Kuu, na Jimbo la Iringa ni mojawapo ya majimbo ya kanda yake ya kikanisa. Vijana husoma, huajiriwa na kuoana pande zote mbili. Je, si vema basi kuziunganisha folda za parokia zote?

Ufundi upo, lakini kuna hatari. Mlango namba 445 haupaswi kamwe kufunguliwa kuelekea intaneti. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, vikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kinga miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka, na wale waliobaki na Windows za zamani. Ndiyo sababu hatuwashi toleo hilo la kwanza hata kama printa ya zamani inalidai. Panapokuwa na haja ya kweli ya kuunganisha ofisi mbili za mbali, hutumika VPN, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti, na iwekwe na mtaalamu.

Lakini tujiulize kwanza kama haja hiyo ipo. Mfano: kijana aliyebatizwa katika parokia ya Iringa anafunga ndoa Mbeya. Kanuni ya 1122 inamtaka paroko wa mahali pa ndoa apeleke taarifa mapema kwa paroko wa mahali pa ubatizo, ili ndoa iandikwe katika kitabu cha ubatizo. Kabla ya hapo Mbeya inahitaji cheti kipya kutoka Iringa. Kilichosafiri ni karatasi mbili: cheti kimoja na taarifa moja. Mbeya haikuhitaji kukiona kitabu kizima, chenye majina ya maelfu ya watu wasiohusika na ndoa hiyo, na Iringa haikumpa mtu wa nje ruhusa ya kuandika humo. Kila kitabu kimebaki na mwenye dhamana wake, na ukweli umefika unakohitajika.

Huu, kwetu, ndio moyo wa somo lote. Kushirikishana ni kumpa anayehusika kile anachohitaji, chini ya yule anayewajibika. Kuacha kila kitu wazi kwa kila mtu ni uzembe uliovaa vazi la ukarimu. Na anayefungia kila kitu kwenye kompyuta yake, mpaka mjane asipate cheti cha ndoa kwa sababu katibu yuko likizo, naye amekosa upande wa pili.

7. Nakala rudufu

Folda ya pamoja si nakala rudufu. Mtu akifuta faili, limefutwa kwa wote; virusi vikiingia kwa mmoja mwenye ruhusa ya kuandika, vinaweza kuharibu yote. Nakili folda kwenye diski ya nje kila Ijumaa, kisha ichomoe na kuifungia kabatini. Diski iliyochomekwa muda wote hufa pamoja na kompyuta. Katika nyanda zetu mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, hivyo UPS isaidie, na waya zichomolewe jioni. Mara moja kwa mwezi jaribu kufungua faili kutoka kwenye nakala, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Na vitabu vya karatasi vibaki. Misheni kongwe kama Tosamaganga, karibu na Iringa, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 chini ya Wabenediktini na baadaye ikalelewa na Wamisionari wa Consolata. Kitabu cha misheni ya umri huo hakihitaji umeme wala nywila ili kisomwe. Faili la kompyuta linatusaidia kutafuta haraka. Kitabu kilichotiwa sahihi ndicho shahidi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Orodhesheni folda tano za ofisi yenu. Kwa kila moja, nani mwenye dhamana, nani anaandika, nani anasoma tu?
2. Katibu anapata ujumbe wa "Access is denied", na mhasibu hata seva haioni. Kila mmoja ameishia katika swali la ngapi kati ya yale sita?
3. Thoma anatofautisha kusimamia na kutumia. Toeni mfano mmoja wa mali ya jumuiya, nje ya kompyuta, ambapo kuchanganya mambo hayo mawili kumeleta hasara.
4. Kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo anaomba orodha nzima ya wabatizwa ili awatumie ujumbe wa michango. Mtamjibu nini, na mtampa nini?